Jumapili ya Zakayo

Sina ugomvi na Mungu. Ugomvi wangu ni na waumini wake, hasa wale wanaokaa kati ya nyumba yangu na Mto Ruaha Mdogo, ambao karibu kila mmoja ana kitu changu ndani kwake na hana mpango wa kukirudisha. Dhehebu sitalitaja. Kalenga yetu hapa Iringa ni ndogo. Nikitaja dhehebu nimetaja benchi, na nikitaja benchi nimetaja mtu.

Jembe la palizi liko kwa jirani wa juu. Ngazi iko kwa jirani wa chini. Sufuria kubwa ya mama watoto ilikwenda kwenye sherehe ya kipaimara cha kijana mmoja, na kijana mwenyewe sasa ana watoto. Viti vya plastiki vilikwenda msibani. Marehemu alishapumzika, viti bado havijapumzika. Kila msiba nakutana navyo, nakaribishwa kwa heshima, nakalia kiti changu kama mgeni.

Yote hayo nayavumilia. Linalonikosesha usingizi ni bomba la kupulizia dawa, lile la kubeba mgongoni. Wewe unayenunua nyanya sokoni kwa fungu huwezi kuelewa. Sisi tunaolima bustani huku bondeni tunajua kwamba tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, nyanya hailimwi tena, inalindwa. Kile kiwavi kinapita ndani ya jani kama fundi umeme anayepitisha nyaya ukutani, na ukichelewa kupuliza utavuna mashina. Mkulima wa nyanya asiye na bomba hana shamba, anafuga wadudu.

Sasa bomba langu liko kwa mwanakwaya mmoja, sauti ya nne. Alikuja jioni, akasimama mlangoni.

"Bwana asifiwe, baba."

"Amina."

"Bwana asifiwe tena."

Hapo nikajua kuna kitu changu kinatoka. Mtu akikuamkia kwa Kihehe "kamwene" anataka kujua kama umeamka salama. Akikuambia Bwana asifiwe mara moja anakusalimu. Akirudia, jioni, mlangoni kwako, huku macho yanapita juu ya bega lako kuelekea stoo, huyo keshachagua.

"Baba, naomba uniazime bomba. Napuliza kesho alfajiri, saa nne nakuletea."

Nilianza kueleza kwamba koki inavuja. Nikasikia mama watoto nyuma yangu akikohoa. Kikohozi kile nakifahamu, kinatoka Mathayo sura ya 5, pale Yesu anaposema tusimpe kisogo anayetaka kukopa. Bomba likatoka.

Saa nne ikafika, ikapita. Jumapili yake nikamwona mbele, kwenye safu ya nyuma ya kwaya, amevaa joho, anaimba kwa sauti ya kutetemesha bati kwamba amemtolea Bwana vyote alivyo navyo. Nikajisemea, kama ni vyote, basi na bomba langu limo.

Watu huniambia nivumilie, maana hata Yesu alitoa mfano wa mtu aliyemwamsha rafiki yake usiku wa manane kuomba mikate mitatu. Luka sura ya 11, naijua. Mfano huo unahubiriwa kila mwaka na kila mwaka unahubiriwa kwa upande wa mwombaji: omba, bisha, usikate tamaa. Yule mwenye nyumba aliyekuwa amelala na watoto wake hakuna anayemwonea huruma. Tena nimesoma vizuri: yule bwana hakuomba apewe, aliomba akopeshwe. Luka anatuhakikishia kwamba mikate ilitoka. Ilirudi? Luka kanyamaza, na wahubiri wote wamenyamaza naye.

Hapo ndipo penye lalamiko langu. Sisi Wakristo tumefundishwa kutoa mpaka tumekuwa mabingwa. Kurudisha hakuna aliyetufundisha.

Tazama mnada wa baada ya ibada. Mgeni akitaka kuuona Ukristo wetu ukiwa na afya njema, aje pale nje ya mlango wa kanisa siku ya mavuno. Wapo walioleta mahindi, maboga, muwa, debe la maharage, trei la mayai, na jogoo amefungwa miguu. Mzee wa kanisa anashika boga moja kama ameshika mtoto wa kubatizwa. "Elfu mbili! Elfu tatu kule! Mama mwenye kitenge cha bluu, elfu nne, Mungu anakuona!" Ni kweli Mungu anaona, ila katika mnada kinachopandisha bei ni kwamba na jirani anaona. Boga ambalo jana sokoni lingeachwa kwa mia tano linafika elfu kumi. Jogoo ananunuliwa, anarudishwa, ananunuliwa tena, anarudishwa tena. Kwa siku moja jogoo yule anaingiza fedha kuliko mwalimu. Wenzetu Walutheri wa Dayosisi ya Iringa wana undugu wa miaka mingi na Walutheri wa Saint Paul kule Minnesota, wanauita Bega kwa Bega. Mgeni wa namna hiyo akijikuta mnadani anashinda jogoo kwa bei ya mbuzi, kisha anabaki amemshika, anawaza ndege ya kurudi Marekani. Anamtoa tena. Makofi.

Mimi mnada naupenda. Umejenga makanisa, umeezeka bati, umesomesha watoto. Lakini mnunuzi mkuu wa Jumapili ile, aliyemfikisha jogoo elfu arobaini kwa vigelegele, ana daftari lake la deni kwa mama muuza duka, na mama muuza duka alikuwa amesimama palepale anapiga makofi. Nilimtazama usoni. Yalikuwa makofi ya mtu anayeona sukari yake, mafuta yake na sabuni yake vikipaa mbinguni kwa sura ya jogoo.

Kutoa kuna wimbo, kuna ngoma, kuna jina lako kutajwa kwenye matangazo. Kurudisha hakuna hata kibwagizo. Hujawahi kusikia katibu akisoma: "Tunamshukuru ndugu yetu wa mtaa wa chini, amelipa deni lake la dukani, Mungu ambariki." Unarudisha gizani, unapokelewa kwa "hata nilikuwa nimesahau," mnaachana. Ndiyo maana hakuna anayekimbilia.

Badala yake nguvu zetu za kiroho tunazimalizia kwenye ulanzi. Masika ikifika na mianzi ikaanza kutoa, kila nyumba inakuwa chuo cha theolojia. Mtogwa, ule mtamu uliotoka sasa hivi kwenye mbeta, ni pombe au ni maji ya mmea? Ukilala ukawa mkangafu, hapo kila mtu anajua jibu, anabishana jinsi ya kulikwepa. Mzee mmoja kwetu ana msimamo kwamba asubuhi ni juisi, mchana ni majaribu, jioni ni dhambi. Kwa hiyo yeye anakunywa mapema ili awe salama. Wapentekoste hawataki hata kuuona. Wakatoliki wanatutazama wote kwa upole, kutoka kule mlimani Tosamaganga, walikotanguliwa na Wabenedikto wa Kijerumani kisha wamisionari wa Consolata kutoka Italia, na Mwitaliano hawezi kukubishia habari ya kinywaji kwenye chakula. Tunaweza kujadili mbeta moja kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Lakini mtu anakunywa ulanzi wake, au hanywi, akiwa ameshika kikombe cha jirani alichokiazima tangu Krismasi, na kikombe hicho hakijawahi kuingia kwenye mjadala.

Njoo shambani sasa, maana imani ya Jumapili inapimwa Jumanne. Kwenye mfereji maji ni ya zamu. Zamu yangu ikifika usiku, nashuka na tochi na jembe. Nakuta maji yameshageuzwa, yanatiririka kwa furaha kwenye vitunguu vya mtu ambaye asubuhi aliongoza sala ya kuombea mvua. Namwamkia shikamoo, kwa sababu ni mtu mzima, naye ananiitikia marahaba bila kuacha kufukia tuta.

"Mwanangu, maji ni ya Mungu," ananiambia.

"Ndiyo, baba. Lakini zamu ni yangu."

"Mungu hana zamu."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Ameshaingiza mbingu kwenye mfereji. Maji yale hayarudi, yameshanywewa na vitunguu. Na vitunguu vile, nakuhakikishia, kimoja kitakuja mnadani kama shukrani, na mimi nitakinunua.

Kisha sokoni. Mnunuzi kutoka Dar es Salaam anakuja na gunia lake la viazi, anataka lijazwe mpaka mdomoni, halafu lishonewe kilemba juu, lumbesa, liwe kama mwenye mzigo kichwani. Sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hawachoki kulitangaza hilo. Lakini bei inahesabiwa kwa gunia, na kile kilemba juu hakina bei. Mkulima analia, na ana haki ya kulia. Ila mkulima huyohuyo akigeukia nyanya zake, anapanga tenga kwa ustadi: chini nzuri, juu nzuri kuliko zote, zinang'aa kama macho ya bibi harusi, na katikati masalo. Mnunuzi anatuibia juu, sisi tunamwibia katikati, na wote wawili tuna Biblia zenye kitabu cha Mithali, ambamo mizani ya hila imelaaniwa waziwazi. Ukimuuliza mmoja wao, atakuambia ameibiwa yeye. Na hajadanganya.

Halafu watu wa Kalenga hatuna kisingizio, maana katika habari ya kurudisha vitu sisi ndio tulipaswa kufundisha dunia nzima. Hapa palikuwa makao ya Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Wajerumani walipoivunja ngome yake ya Lipuli mwishoni mwa Oktoba 1894, hawakumpata. Aliwasumbua porini mpaka Julai 1898, alipojiua kule Mlambalasi asishikwe akiwa hai. Wakachukua kichwa chake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jambo hilo likaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919: Ujerumani ilipewa miezi 6 iwe imelikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza. Miezi sita! Lilirudi Kalenga Juni 1954, Gavana Twining mwenyewe akalileta na kumkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake. Miaka 56 tangu kifo, na mkataba wa dunia nzima katikati. Leo lipo hapa, kwenye makumbusho yetu, na wageni wanaoelekea Hifadhi ya Ruaha huchepuka barabarani kuja kulitazama.

Kila nikipita pale makumbusho nafarijika na kukata tamaa kwa wakati mmoja. Nafarijika kwa sababu kitu kikichukuliwa kinaweza kurudi. Nakata tamaa kwa sababu Mkwawa alikuwa na Mkataba wa Versailles, mimi nina maneno ya sauti ya nne kwamba "saa nne nakuletea."

Nimeipekua Biblia nikitafuta mtu aliyewahi kuhuzunika kwa sababu ya kitu cha kuazima. Nimempata mmoja. Yuko Wafalme wa Pili, sura ya 6. Wanafunzi wa manabii walikuwa wakikata miti kando ya Yordani, chuma cha shoka la mmoja wao kikachomoka kikazama majini. Yule kijana akapiga yowe, na sababu ya yowe lake ni moja tu: shoka lilikuwa la kuazima. Elisha akatupa kijiti majini, chuma kikaelea, kijana akakiokota.

Huwa tunahubiriwa habari ya chuma kuelea, eti huo ndio muujiza. Kwangu mimi muujiza ulikuwa umeshatokea kabla Elisha hajakata kijiti: alipatikana mwazimaji anayelia! Lingekuwa shoka langu, likazama Ruaha Mdogo, ningeletewa mpini. Ningeambiwa, "Baba, tumshukuru Mungu, hakuna aliyeumia." Na kabla mletaji hajaondoka angeuliza kama nina shoka lingine.

Ndipo nikamfikia Zakayo. Kila mtoto wa shule ya Jumapili anamjua Zakayo: mfupi, mtoza ushuru, akapanda mkuyu. Tunawapandisha watoto kwenye viti wakiigiza. Tukishamshusha mtini, Yesu akaenda kula kwake, tunafunga Biblia tunakwenda kula na sisi. Wenzetu Wakenya walimpachika rais wao jina hilo kwa ajili ya kodi, na wao pia waliishia kwenye makusanyo. Lakini habari yenyewe inaendelea. Zakayo anasimama mbele ya Bwana, anasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama amemdhulumu mtu anamrudishia mara nne. Kanisa limeishika ile nusu ya kwanza kwa mikono miwili, ikazaa minada, ahadi, bahasha na harambee. Ile mara nne imeachwa juu ya mkuyu.

Mara nne! Piga hesabu. Mabomba manne. Ngazi nne. Sina hata pa kuziweka.

Basi kwenye kikao cha mtaa nikasimama, nikatoa hoja. Nilisema kwa unyenyekevu, baada ya kusalimu wazee kwa utaratibu. Tunayo Jumapili ya Mavuno, Jumapili ya Matawi, siku ya akina mama, siku ya vijana. Tuwe na Jumapili ya Zakayo. Siku hiyo asije mtu na sadaka. Kila mmoja apekue nyumbani kwake, uvunguni, stoo, jikoni, nyuma ya choo, akusanye kila kisicho chake, akibebe mchana kweupe kupita njia kuu ya kijiji, akipeleke kwa mwenyewe. Mwenye deni la dukani apite dukani kwanza. Mgeuza maji afidie zamu. Kwaya iimbe njiani, maana nao nawataka barabarani wakiwa na mizigo. Sikuomba mara nne. Nilisema tuanze na mara moja, kwa sababu ya hali ya uchumi.

Kukawa kimya kirefu. Niliwaona watu wakipitia stoo zao kichwani. Mama mmoja akamtazama mwenzake, mwenzake akatazama dari. Mzee wa mfereji akafumba macho kama anayeomba. Sauti ya nne akapata kikohozi.

Mwenyekiti ni mtu wa busara, hawezi kuiacha hoja ya Biblia ianguke chini. Akaisifu sana. Akasema imetoka kwa Bwana. Akaunda kamati. Kamati ikapata mwenyekiti, katibu na mtunza hazina, na mtunza hazina akatoa hoja ya haki kabisa, kwamba kamati haiwezi kutembea mikono mitupu, hivyo kila kaya itachangia kidogo kwa ajili ya maandalizi. Nimeshachangia. Risiti nimeambiwa nitaletewa saa nne.

Juzi kamati imeleta taarifa yake. Wamekaa, wamefunga na kuomba, wameona kwamba kumrudishia mtu mmoja mmoja mlangoni kwake kutaleta aibu na kuvunja upendo katika mtaa. Siku ya Zakayo vitu vyote vitaletwa kanisani bila majina, vitawekwa mbele ya madhabahu, vitaombewa. Baada ya ibada vitatolewa nje na kupigwa mnada, fedha ziende kwenye ujenzi.

Kikao kizima kilishangilia, na aliyeanzisha pambio ni sauti ya nne. Mama watoto ameniuliza kama kwa bomba nitapanda mpaka shilingi ngapi.